Mwongozo kamili: namna ya kuendesha darasa la haki za mlaji kwa watu wenye ulemavu, Mtwara na Lindi

Viongozi wa vikundi wanaendelea kuuliza swali lile lile. Semina ilifanyika, afisa alikuja, watu wakapewa soda na nauli, na baada ya wiki mbili asiyeona yule yule bado anamtajia wakala wa fedha za simu namba yake ya siri. Kwa nini?

Ukiziangalia semina hizo, nyingi zina sura moja: projekta ukutani, vipeperushi vya maandishi madogo mezani, na mtoa mada anayeanzia historia ya haki za mlaji duniani. Asiyeona hakuziona picha. Kiziwi hakuyapata maelezo. Bibi aliyetoka Kitangari amenyamaza tangu asubuhi kwa sababu Kiswahili cha ofisini hakimwingii kama Kimakonde. Watu wamehudhuria, lakini hawakufundishwa.

Mwongozo huu ni wa darasa la nusu siku, watu kumi na wawili hadi kumi na watano, kijijini au mtaani. Mshiriki atajifunza kwa kushika vitu na kununua, na ataondoka lalamiko lake halisi likiwa limeandikwa. Sheria zitakuja mwishoni, tena chache.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Noti halisi za shilingi 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, angalau mbili za kila aina.
- Risiti ya mashine ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi) na risiti ya kuandikwa kwa mkono.
- Mizani ya dukani yenye mawe yake, kilo mbili za mchele, bakuli na dumu la lita 20.
- Bidhaa tano au sita: moja iliyopita tarehe ya matumizi, moja isiyo na alama ya TBS (Shirika la Viwango), na mafuta ya ngozi ya aina mbili.
- Kitochi kimoja (simu ndogo ya vitufe), simu janja moja na visikilizio vya masikioni.
- Daftari kubwa la malalamiko, kalamu na kisahani cha wino wa dole gumba.
- Mkalimani wa lugha ya alama, kama kuna hata kiziwi mmoja.
- Fedha za bodaboda au bajaji kwa wasioweza kutembea.

Bajeti ikibana, punguza chakula. Usiguse fedha ya mkalimani wala ya usafiri, maana hao ndio wanaoamua nani atakuwemo darasani na nani atabaki nyumbani.

## Hatua ya 1: Chagua wakati na mahali

Mwezi mzuri kuliko yote huku kwetu ni Septemba. Minada ya korosho huanza kwa kawaida Oktoba, na malipo yakishaingia kwenye akaunti ndipo wauzaji wa simu, redio, bati na pikipiki wanapojaa kuanzia Tandahimba hadi Ruangwa. Ukifundisha Januari, fedha imeshaliwa na kilichobaki ni kusimuliana hasara.

Epuka siku ya gulio na Ijumaa mchana. Anza saa tatu asubuhi, maliza saa saba.

Nenda ukalikague jengo mwenyewe kabla ya siku yenyewe, usitegemee kuambiwa kwa simu. Ngazi mbili tu mlangoni zinatosha kumrudisha mtu wa kiti mwendo. Choo kiwe na mlango mpana na njia isiyo na mchanga mwingi. Kama ofisi ya kijiji haifai, kivuli cha mkorosho kinafaa kabisa, mradi kiwe kivuli cha kweli, kwa kuwa mwenye ualbino hawezi kukaa saa nne akilisogelea na kulikimbia jua.

Mkalimani akae mwanga ukimwangukia usoni. Dirisha likiwa nyuma yake, viziwi wanaona kivuli kinachopunga mikono.

## Hatua ya 2: Hakikisha kila mtu anaelewa

Usiishie kuuliza kama kuna kiziwi. Uliza anawasilianaje. Viziwi wengi vijijini hawakupita shule, hivyo hawajui lugha ya alama ya Tanzania. Wanatumia ishara za nyumbani kwao. Mkalimani wa mjini anaweza kufika na asieleweke. Hapo tafuta kiziwi mtu mzima anayejua zote mbili, akae kati ya mkalimani na yule wa kijijini. CHAVITA ndicho chama cha viziwi, na huko ndiko pa kuanzia kuuliza. Kwa wasioona kuna TLB, kwa wenye ualbino TAS, na SHIVYAWATA ni shirikisho la vyama vyote. Kama halmashauri yako ina kamati ya watu wenye ulemavu, wajumbe wake wanawajua watu kwa majina na nyumba.

Kuhusu lugha ya kusema: Newala na Tandahimba weka mtu wa kurudia kwa Kimakonde, Ruangwa kwa Kimwera, Masasi kwa Kimakua au Kiyao. Vijana watacheka kidogo. Waache wacheke, wazee ndio watakaoanza kuuliza maswali.

Usihangaike na vipeperushi vya nukta nundu (maandishi ya wasioona ya kusomwa kwa vidole) kama hujathibitisha kwamba kuna anayezisoma. Kwa watu wazima wengi wasioona vijijini, sauti iliyorekodiwa kwenye simu ni bora zaidi.

## Hatua ya 3: Anza na visa vyao

Swali la kwanza liwe: "Mwezi huu, nani alilipia kitu akaona amepunjwa?" Kutakuwa kimya. Usikijaze kwa hotuba. Taja mambo madogo ya jirani: dumu la maji lililozidishwa bei, bodaboda aliyedai nauli ya watu wawili kwa sababu ya magongo, chenji iliyorudi pungufu. Mmoja akifungua mdomo, wengine watafuata.

Andika kila kisa kwa ufupi, kisha uvigawe katika mafungu manne: bidhaa, fedha za simu na benki, usafiri, maji na umeme. Mafungu haya utayahitaji kwenye hatua ya 8.

Onyo kubwa liko hapa. Wasaidizi na ndugu watajibu kwa niaba yao. Mjomba aliyemleta mpwa wake atasema, "Huyu hana shida, mimi ndiye ninayemnunulia." Mshukuru, kisha mrudishie swali mpwa. Wakati mwingine mjomba huyo ndiye anayeshika laini na namba ya siri, na mpwa hajui salio lake tangu mwaka juzi. Usimuumbue mbele ya watu. Mpangie kazi nyingine, mfano kupima mchele, ili mpwa apate nafasi ya kusema.

Mtu mwenye ulemavu wa akili mpe maswali mafupi, moja moja, na kitu cha kushika. Anaweza kujua bei ya sabuni kuliko wewe.

## Hatua ya 4: Noti, mizani, lebo na risiti

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu.

Noti. Noti zetu zinatofautiana urefu kidogo, na ya 10,000 ndiyo ndefu kuliko zote. Mpe asiyeona noti mbili mbili azilinganishe kwa kuzipanga ncha kwa ncha. Kisha kila mtu achague mkunjo wake: mfano ya 10,000 inakunjwa mara mbili kwa urefu, ya 5,000 mara moja kwa upana, ya 2,000 kona tu, ya 1,000 haikunjwi. Mkunjo ufanyike nyumbani au mbele ya mtu wa kuaminika, kabla ya kufika sokoni. Chenji ipokelewe noti moja baada ya nyingine, muuzaji akiitaja kwa sauti: "Hii elfu mbili, hii elfu moja." Wengine dukani wanasikia, na muuzaji analijua hilo.

Mizani. Mruhusu kila mmoja aweke jiwe la kilo upande mmoja na mchele upande wa pili, kisha asiyeona aguse mikono ya mizani ilipotulia. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara kila mwaka na kuweka stika. Anayeona aitafute, asiyeona aulize: "Stika ya mwaka gani?" Sasa pima ujazo wa bakuli la sokoni kwa mizani, kila mtu ajionee tofauti.

Hapo lazima mtu atataja kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Kwa haki kabisa, huko mkulima ni muuzaji na mlalamiko huo una njia yake kupitia AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) na ofisi ya ushirika. Usikubali ukumalizie saa nzima.

Lebo. Wasioona vizuri wafundishwe kupiga picha ya lebo kwa simu na kuikuza kwa vidole. Tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya TBS ndivyo vya kutafuta kwanza. Kwa wenye ualbino, chukua yale mafuta ya aina mbili uliyoyaleta: yapi yanazuia mionzi ya jua na yapi ni ya kulainisha ngozi tu? Wauzaji wengi huyachanganya, wengine kwa makusudi. Waeleze pia kwamba Kilisun, inayotengenezwa KCMC Moshi, hugawiwa bure, kwa hiyo anayekuuzia anastahili kuulizwa ameipata wapi.

Risiti. Mfanyabiashara anayetumia mashine ya EFD anawajibika kuitoa, na mnunuzi anawajibika kuidai. Kwa mama ntilie au genge dogo lisilo na mashine, risiti ya mkono yenye tarehe, jina, bidhaa na bei inatosha. Karatasi ya EFD hufifia, hasa kwa joto letu la pwani, kwa hiyo ipigwe picha siku hiyo hiyo. Asiyeona amwombe muuzaji amsomee risiti kabla hajatoka, kisha amwombe na mtu mwingine amsomee tena nje. Zikitofautiana, anarudi papo hapo.

Hatua hii imefanikiwa pale asiyeona anapotoa noti sahihi bila kuulizwa, na mtu yeyote akikuambia uzito uliopungua bila kusoma popote.

## Hatua ya 5: Simu na wakala

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Anza na kitochi. Kitufe cha namba 5 kina kinundu katikati. Kidole kikishakipata, 2 iko juu, 8 chini, 4 kushoto na 6 kulia. Asiyeona afanye mazoezi ya kuandika namba nne za kubuni mpaka mkono uzoee. Lengo ni moja tu: namba ya siri iandikwe na mwenye simu. Kwenye simu nyingi tarakimu hizo huonekana wazi kwenye kioo wakati wa kuandika, kwa hiyo kioo kigeuziwe kifuani au kifunikwe na kiganja.

Mwenye simu janja awashiwe TalkBack, programu inayosoma kilichoko kwenye kioo. Visikilizio viwe masikioni kabla ya kugusa menyu ya fedha, la sivyo simu itatangaza salio lake kibanda kizima.

Kuhusu salio na ujumbe wa muamala, kitochi hakisomi, na hilo tusilifiche. Asiyeona achague watu wawili wa kumsomea, wasiohusiana, na asimtegemee wakala mwenyewe. Viziwi wana shida ya upande mwingine: huduma kwa wateja ni ya kupiga simu. Kwao njia ni kwenda duka la kampuni na ujumbe wa muamala mkononi, au kutumia njia za maandishi pale kampuni inapokuwa nazo.

Fanyeni pia mambo haya mawili darasani, papo hapo:

Kila mwenye laini apige *106# aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Watu ambao ndugu waliwasajilia laini mara nyingi hukuta namba wasizozijua.

Kila mtu ajifunze kuripoti kwenye 15040 namba iliyomletea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Tumia mfano, msiripoti namba ya mtu asiye na kosa.

## Hatua ya 6: Igizo la dukani

Mmoja awe muuzaji, mmoja mteja, mmoja msaidizi asiyeruhusiwa kusema. Mfano wa asiyeona aliyeuziwa redio mbovu:

Mteja: Shikamoo mjomba. Redio niliyonunua hapa Jumatatu haiwaki.

Muuzaji (akimtazama msaidizi): Mwambie bidhaa ikishauzwa hairudishwi, mbona tumeandika pale?

Mteja: Mjomba, mnunuzi ni mimi, sema na mimi. Risiti hii hapa.

Muuzaji: Labda umeiangusha. Si unajua huoni.

Mteja: Kutokuona hakuharibu redio. Iweke betri mpya hapa, tuisikilize wote. Isipowaka, nibadilishie au nirudishie fedha yangu.

Muuzaji: Bosi hayupo.

Mteja: Sawa. Niandikie kwamba nimeirudisha leo na bosi atanijibu siku gani.

Rudieni mpaka sauti ya kuomba itoke. Shikamoo ibaki, adabu ibaki, lakini "naomba unisaidie" iondoke, kwa sababu anayedai kitu alichokilipia haombi msaada. Zamu ya kiziwi ifanyike kwa karatasi na kidole: risiti, bidhaa, kasoro, kisha ishara ya kubadilisha.

Likifika zamu ya mwenye magongo, weka bidhaa ghorofa ya juu ya kufikirika na mteja aseme, "Nileteeni hapa chini niikague kabla sijalipa." Wengi hawajawahi kuwaza kwamba wanaweza kusema hivyo.

## Hatua ya 7: Sheria, kwa dakika kumi tu

Sasa wana sababu ya kusikiliza. Waambie haya na uishie hapo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji na inataka bidhaa iwe na ubora na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Lile bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimwondolei muuzaji wajibu kama bidhaa ina kasoro. Lakini ukibadilisha mawazo tu kuhusu rangi ya khanga, hapo unategemea wema wake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, huduma zikiwemo. Kumwambia mtu "gari langu halibebi vilema" ni tusi na pia ni jambo la kulalamikiwa.

## Hatua ya 8: Andikeni malalamiko halisi

Rudi kwenye mafungu ya hatua ya 3, chagueni visa vitatu au vinne vyenye ushahidi. Kila kimoja kijazwe hivi:

"Mimi ni ……, mkazi wa kijiji cha ……, kata ya ……. Tarehe …… nilinunua/nililipia …… kwa shilingi …… kwa ……. Risiti au namba ya muamala ni ……. Kasoro ni ……. Tarehe …… nilirudi, nikajibiwa ……. Nataka …… ndani ya siku 14. Majibu nipatiwe kwa …… (ujumbe wa simu / kupigiwa / kusomewa ofisini)."

Mstari wa mwisho usisahaulike. Ofisi ikimpigia simu kiziwi, au ikimtumia asiyeona barua, jalada litafungwa kwa maneno "mlalamikaji hakujibu".

Asiyeandika atumie dole gumba. Kabla ya dole, barua isomwe yote kwa sauti, na aliyesoma aandike chini: "Nimemsomea, amekubali," na jina lake. Epuka hadithi za huruma. Kurasa mbili za maisha magumu zinaficha tarehe na kiasi, na hivyo viwili ndivyo ofisa anavyovitafuta.

## Hatua ya 9: Pelekeni panapohusika

Malalamiko mengi hufa kwa kupelekwa ofisi isiyohusika. Kanuni ya kwanza: anza kwa aliyekuuzia au aliyekupa huduma, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri au saini ya aliyepokea. Bila hiyo, mdhibiti atakurudisha.

Asipojibu:

- Bidhaa mbovu, bandia au udanganyifu: Tume ya Ushindani. Ubora na usalama: TBS, yenye ofisi ya kanda Mtwara. Pungufu ya kipimo: Wakala wa Vipimo. Ukiwa mbali na ofisi hizi, pitia kwa afisa biashara wa halmashauri.
- Benki na fedha za simu: Benki Kuu, yenye tawi Mtwara. Mtandao, vifurushi na laini: TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano).
- Basi na nauli: LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini). Andika namba ya usajili wa gari, maana jina lililochorwa ubavuni halitoshi. Kama kiti mwendo kimetozwa kama mzigo, ambatisha tiketi na risiti ya hiyo tozo.
- Umeme na maji ya mamlaka kama MTUWASA au LUWASA: mamlaka kwanza, kisha EWURA (mdhibiti wa nishati na maji). Maji ya kijijini yanayosimamiwa na jumuiya: RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya.

Mabaraza ya ushauri ya watumiaji ya EWURA, LATRA na TCRA yapo kwa ajili ya kumsemea mtumiaji, kwa hiyo nakala iende na huko.

## Hatua ya 10: Ufuatiliaji

Daftari la malalamiko libaki na kikundi, si na wewe wala na afisa. Safu tano zinatosha: jina, jambo, lilipopelekwa, tarehe, jibu. Chagueni watu wawili wa kulishika, mmoja anayeona na mmoja asiyeona, ili mmoja asome na mwingine akumbuke.

Baada ya siku 14 mkutane tena kwa saa moja tu, mpitie daftari. Lililojibiwa lisomwe kwa sauti, hata kama kilichorudi ni shilingi 2,000. Lililokwama, chukueni barua, nakala yenye muhuri na picha ya risiti, muende kwa msaidizi wa kisheria wa wilaya. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huduma hiyo ni bure kwa wasio na uwezo. Akiona ni dai la fedha linalofaa kwenda Mahakama ya Mwanzo, karatasi hizo hizo tatu ndizo atakazoanza nazo, kwa hiyo mwachieni nakala, na zile za asili mrudi nazo.